Uzoefu wangu na tairodi endi zenye nipeli ya grisi

Tairodi endi ni jointi za mwisho wa tairodi, yaani fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Nimezifunga kushoto na kulia kwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Zinakuja kwa jozi, kila moja na nati yake, kotapini mpya (pini ndogo inayozuia nati isilegee) na nipeli ya kupigia grisi. Nimeridhika nazo, ila ukikosea kuzifunga utazilaumu bure.

Kabla ya kununua, hakikisha kilichokufa ni tairodi endi kweli. Inua gurudumu, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia, kisha tikisa huku mwenzako ameweka kidole kwenye jointi. Pini ikipwaya ndani ya kikombe chake, imekwisha. Shika tena juu na chini. Likicheza na huko, mwenzako akanyage breki: kucheza kukipotea, shuku beringi ya habu (kitovu cha gurudumu), kukibaki, kagua boli jointi ya chini, ile inayoshikilia gurudumu kwa chini. Usukani unaotetemeka kwenye mwendo mkubwa tu, mara nyingi dawa yake ni kubalansi magurudumu.

Sifa yake kubwa ni pini kuwa ngumu kuzungusha kwa mkono ikiwa mpya, ndivyo inavyotakiwa. Buti la mpira ni nene na lina ringi juu na chini. Grisi ya kiwandani ni kidogo, kwa hiyo ongeza ya lithiamu taratibu mpaka buti lianze kutuna, uachie hapo. Ukizidisha, buti linapasuka au linachomoka kwenye ringi, maji na mchanga vinaingia, na jointi mpya inakufa mapema. Kasoro niliyoiona: nipeli haina kofia. Ifute vizuri kabla ya kupiga grisi, la sivyo unasukuma matope ndani.

Kutoa ya zamani, legeza kwanza lokinati, yaani nati inayobana endi kwenye tairodi, pima urefu kutoka hapo hadi katikati ya pini, uandike. Chomoa kotapini, rudisha nati hadi ncha ya pini, halafu tumia pula, kifaa cha kuchomolea jointi. Kama huna, piga nyundo ubavuni mwa jicho la nako (chuma kinachobeba gurudumu, ambacho pini huingia), wala usipige ncha ya pini.

Wakati wa kufunga, koni ya pini (sehemu yake inayopungua unene) na tundu lake viwe safi na vikavu. Hapo grisi haitakiwi kabisa. Pini ikizunguka pamoja na nati, bana jointi kwa jeki ili koni ishike. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la kotapini lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nyuma kamwe.

Sasa alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, ambayo wengi huiruka kwa sababu walihesabu mizunguko ya endi ya zamani walipoitoa. Chukua tairodi yenye nyuzi za milimita 1.5: mzunguko mmoja unaisogeza milimita 1.5. Mkono wa nako ukiwa na sentimita 15 na tairi likiwa na kipenyo cha sentimita 60, kosa la mzunguko huo mmoja linakuwa kama milimita 6 ukipima ukingo wa mbele wa tairi dhidi ya ule wa nyuma. Magari mengi huruhusu milimita chache tu. Tairi litalika kwa michirizi yenye ncha kali upande mmoja. Pitisha kiganja juu yake, ukienda ni laini, ukirudi linakwaruza. Na endi mpya ikitofautiana kidogo urefu na ya zamani, hesabu yako ya mizunguko haikusaidii.

Kwenye mashine ya alaimenti, upepo wa matairi uwe sawa na usukani ufungwe ukiwa umenyooka. Mwambie fundi alegeze klipu ya buti la reki (mpira unaofunika mwisho wa reki, sehemu ya usukani inayosukuma tairodi) kabla ya kuzungusha tairodi, maana buti likijisokota litachanika. Marekebisho yagawanywe pande zote mbili, la sivyo usukani utakaa upande barabara ikiwa imenyooka. Akimaliza, hakikisha lokinati zote mbili zimekazwa kabla gari halijashuka.