Hiki kiprogramu cha kusasisha draiva kimenichosha

Nisiwe mchoyo wa haki, kinafunguka haraka na muonekano wake safi, kwa hiyo mwanzo nilikuwa nakipa nyota mbili. Au mbili na nusu.

Mashine yangu ya mtumba, ndani ina GeForce 210, kadi ya picha ya 2009 huko, kikongwe najua, ila mimi sio wa magemu, nataka mpira tu usikatekate. Nimeweka Windows 10 upya, maandishi yakawa manene, video inajivuta, kwenye Divaisi Meneja, ile orodha ya Windows ya vifaa vya mashine, hata jina la kadi halipo. Nikashusha hicho kiprogramu kinitafutie draiva, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kikaskani, kila kitu kikapakwa nyekundu, hadi mausi! Mausi inadunda vizuri tu jamani. Na kuskani bure ila kurekebisha ndio ulipie, haya, nikalipa, kikala bando weee, mashine ikajizima ikajiwasha, kioo cheusi tii.

Hilo ningelisamehe. Aliyenichefua ni yule wa huduma kwa wateja kwenye chati. Namweleza kwa heshima zote, ananijibu eti kadi imezeeka, draiva yake haipo tena, ninunue kadi nyingine. Nikamuuliza, sasa kama haipo, mimi mmeniuzia nini? Chati ikafungwa. Nikafungua nyingine, jibu lile lile hadi nukta, sijui roboti sijui binadamu, kama ni binadamu basi mama yake ana kazi.

Haipo wapi! Nimeingia sefu modi, pale Windows inapowaka na vitu vya lazima tu, nikafuta takataka waliyoniwekea, kwenye Divaisi Meneja nikatazama namba za kadi yenyewe, VEN_10DE ndio NVIDIA, kampuni yenye kadi, DEV_0A65 ndio hiyo 210. Nikaenda tovuti ya NVIDIA, ipo imekaa, toleo 342.01 la Desemba 2016, ndio la mwisho kwa kadi za rika hilo, na hawakuombi hata senti. Nikaweka, nikarestati, picha imenyooka. Sawa, masasisho mengine hayaji, lakini wachezaji sasa nawaona mpaka namba za mgongoni.

Kwa hiyo nyota moja, kwa ule muonekano. Hapana, hata hiyo naichukua, maana hapa hapa naandika imeingia imeili eti laisensi imejirefusha yenyewe na hela wameshakata, na ukitaka kughairi wanakuelekeza kwenye ile ile chati.