Kitabu cha ndege nilichouziwa Kampala: rangi, gundi na jeuri

"Mzee wangu, kwani wewe unanunua kitabu au unanunua rangi?"

Hilo ndilo jibu la kijana wa kaunta katika duka moja la vitabu katikati ya Kampala, na bila jibu hilo pengine nisingeandika chochote. Kitabu chenyewe ni kile cha kutambua ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe, ambacho kila anayetembeza wageni msituni anakijua. Niliagiza kwa Wasapu, nikalipa kwa simu, kikaja Masindi kwa basi kikiwa kimefungwa vizuri kwa karatasi ya kaki. Ndani ya kaki mlikuwa na fotokopi ya rangi iliyovishwa jalada la kung'aa.

Basi kijana, kama unasoma hapa: ndiyo, nanunua rangi. Kitabu cha ndege bila rangi sahihi hakina kazi. Katika msitu wa Budongo kuna ndege wadogo wa jamii ya shore, wa kijani kilichofifia, ambao hata mzoefu huwatazama mara mbili. Eurillas gracilis ana umanjano hafifu tumboni. Eurillas ansorgei hana, na ubavu wake umeelekea kahawia. Wote wawili wana pete nyeupe kuzunguka jicho, na pete hiyo ndiyo inayowatenga na Eurillas virens, ambaye hana. Sauti husaidia kuliko picha, sibishi, lakini mgeni aliyesimama kwenye njia ya Royal Mile na darubini shingoni anataka aonyeshwe ukurasa. Kwenye nakala yangu ndege wote hao watatu wana rangi ya mboga iliyopikwa jana, na pete ya jicho imemezwa.

Sababu yake ni ya kiufundi, na inafaa kuijua ili usidanganywe na muuzaji atakayekuambia ni "toleo la bei nafuu". Picha iliyochapwa kiwandani imejengwa kwa vidoti vidogo vya wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ukiiskani kisha ukaichapa tena, mashine ya pili inaweka vidoti vyake juu ya vidoti vya kwanza. Vidoti hivyo havilingani, kwa hiyo vinazaa mistari ya mawimbi ambayo haikuwapo. Kwenye picha ya korongo taji pengine hutaiona. Lakini vipanga na kekeo, wanaotambuliwa kwa mistari myembamba ya kifuani, wanaharibika kabisa, kwa sababu huwezi kujua mstari upi ni wa ndege na upi ni wa mashine. Kijani kilichokoza ndicho kinachoumia zaidi: skana inakisoma kama giza, printa inaongeza wino mweusi, na tofauti ndogo kati ya mgongo na bawa zinakufa.

Nilipompigia kumweleza haya ndipo akaniuliza lile swali la rangi. Kisha akaongeza kwamba wateja wengine hawalalamiki. Sina shaka. Wengine wanakinunua kiwe pambo la sebuleni.

Tena hata kama rangi ingekuwa safi, kitabu kisingedumu. Kimebanwa kwa gundi ya moto peke yake. Kitabu cha msituni hufunguliwa bapa, hufungwa, husukumwa kwenye begi, na mara nyingine huachwa juu ya dashibodi ya gari juani. Gundi ile hulainika kwa joto, jioni inakakamaa tena, na baada ya kurudia hivyo mgongo unapasuka katikati. Karatasi ya kung'aa hainywi gundi kama karatasi ya kawaida, ndiyo maana kurasa za picha hutangulia kudondoka. Changu kilianza kumwaga kurasa kabla hata hakijaonja mvua. Halafu kuna mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi zinatakiwa zilale sambamba na mgongo. Mchapaji wa haraka hukata karatasi vyovyote ilimradi isipotee, nyuzi zinalala kukatisha mgongo, na unyevu wa msitu unaifanya karatasi ijikunje mawimbi pale pale kwenye gundi.

Kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Duka likikataa usikague, ondoka. Tazama mgongo kwa juu, pale kurasa zinapokutana na jalada. Kitabu kilichoshonwa kina matao madogo ya mafungu ya karatasi zilizokunjwa, mara nyingi kurasa 16 au 32 kwa fungu, na ukifungua katikati ya fungu unauona uzi. Si kila kitabu halali kimeshonwa, lakini ukiona uzi umeshapata nusu ya jibu. Kisha geuza darubini yako kinyumenyume, weka lenzi ya kutazamia karibu kabisa na ukurasa, uchungulie kwa upande mpana: unapata lenzi ya kukuzia bila kulipa senti. Angalia herufi nyeusi za kawaida. Za kiwandani zina kingo kali na weusi mtupu. Zilizoskaniwa zina ukungu pembeni, na mara nyingi utaona vidoti vya rangi ndani yake. Angalia pia pambizo. Fotokopi hula upande wa ndani, maneno yanazama kwenye mgongo.

La mwisho ni ukurasa wa haki za uchapishaji, na hapa ndipo duka langu lilipojiumbua. Jalada lilikuwa la toleo la pili, la 2020. Ukurasa wa ndani unasema 2002. Yaani mtu alichukua jalada jipya akakivisha kitabu cha kale, akaniuzia kwa bei ya kipya. Linganisha kila mara ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya nyuma ya jalada na ile ya ndani. Na tofauti ya matoleo si ya kupuuza: katika vitabu vya zamani wale Eurillas watatu walikuwa wakiitwa Andropadus, na mgeni aliyejiandaa kwa orodha ya sasa atakutazama kama hujui kazi yako.

Niliamua kulipatia duka hilo nyota moja, na hiyo moja ni ya karatasi ya kaki.

Lakini nina haki ya kusema na la pili, ingawa linanikera kulisema. Nilipokwenda mwenyewe kudai pesa zangu, yule kijana akiwa "ametoka kidogo", nilizungukia rafu ya nyuma, ile iliyo karibu na madaftari ya shule na kalenda za mwaka uliopita. Hapo ndipo penye duka lenyewe. Ripoti za zamani za misitu, vitabu vya miti vyenye majina ya Kiganda, Kinyoro na Kiacholi kando ya jina la kisayansi, historia za koo, historia za parokia, na kumbukumbu za wazee waliojiandikia maisha yao. Nilitoka na kijitabu cha mtumishi mstaafu wa Idara ya Misitu, kwa shilingi elfu kumi na tano. Hakina ISBN, kimebanwa kwa pini mbili, na kimeniridhisha kuliko kile cha laki moja na nusu.

Anaeleza kazi ambayo wageni wa Budongo hawaambiwi. Kuanzia miaka ya 1950 Idara ilikuwa ikiua kwa sumu miti iliyohesabiwa kuwa magugu, hasa mti wa Cynometra alexandri, ambao mbao yake ni ngumu mno kwa misumeno, ili kuipisha mikangazi iliyotakiwa na viwanda vya mbao. Mtaalamu wa misitu Eggeling alikuwa ameshaandika 1947 kwamba msitu ule ukiachwa uzeeke Cynometra hutawala, na wakubwa wakaona hiyo ni hasara. Mzee anaeleza hatua kwa hatua: kukata mkanda kuzunguka shina kwa panga, kumimina dawa ya 2,4-D na 2,4,5-T iliyochanganywa na dizeli kwenye jeraha, kuweka alama, kusogea kwenye mti unaofuata. Anasema dizeli ilikuwa ikikaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa, na kwamba mti mkubwa haukufa upesi: ulianza kudondosha matawi juu ya njia, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari ya kazi, si dawa, kwa walivyoelewa wakati ule. Ukisoma ukurasa huo kisha ukapita sehemu zilizotiwa dawa, unaelewa kwa nini msitu unabadilika sura ndani ya mwendo mfupi. Hakuna kitabu cha watalii kitakachokupa hilo.

Vitabu vya namna hii havipatikani kwa kuuliza "mna vitabu vya asili?" Vinachapwa nakala chache, vinazinduliwa kwenye jubilei au misa ya shukrani, vinauzwa siku hiyo, na masalio yanabaki kwa familia au kwenye ofisi ya parokia. Uliza kwa jina la wilaya au la ukoo. Uliza kwa mwandishi kama yu hai. Vilivyo na ISBN vitafute kwa mwanzo wa 978-9970, ndiyo ya Uganda (978-9966 ni ya Kenya, usichanganye). Lakini vingi havina, na Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 na ndiyo inayotoa namba hizo, haiwezi kukuonyesha kitabu ambacho mwenyewe hakukipeleka. Makerere imekuwa maktaba ya kisheria ya kuhifadhi nakala tangu 1958, kwa hiyo jaribu huko kabla hujakata tamaa. Ndani ya Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, kuna maktaba ya chama cha Uganda Society, ambao jarida lao lilianza kutoka 1934: ndege, samaki, mapango, na kumbukumbu za watu binafsi, vyote humo. Juzuu nyingi zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Florida, bure. Inatia uchungu kidogo kwamba historia yetu unaipakua kutoka Marekani, lakini hata kile kitabu cha wafalme wa Bunyoro-Kitara cha John Nyakatura, cha Kinyoro, kilichapwa Kanada 1947.

Kwa Kiswahili, rafu ni tupu. Ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na sijaona hata kitabu kimoja cha ndege ninachoweza kumpa mwanajeshi au mfanyabiashara wa Arua anayetaka kujua kilichotua juu ya mwembe wake. Hilo si kosa la duka. Nimelisema tu kwa kuwa nimeshakasirika.

Tahadhari moja kwa wanaonunua vitabu vya zamani vya kupanda milima ya Rwenzori kwenye rafu hiyo hiyo ya nyuma: njia za mabondeni, Mubuku na Bujuku, bado utazitambua, lakini maelezo ya kupita juu ya barafu ya Rwenzori yaliyoandikwa miaka ya 1970 usiyafuate. Barafu imerudi nyuma sana, na palipoandikwa mteremko wa theluji leo ni mwamba mtupu wenye utelezi. Nunua kwa historia, panda na kiongozi wa sasa.

Pesa zangu? Alirudi yule kijana, akaniambia kitabu kilichofunguliwa hakirudishwi. Nikamuuliza nitajuaje ni bandia bila kukifungua. Akacheka. Akanipa punguzo la shilingi elfu tano "kwa sababu wewe ni mzee wetu", kwa kitabu kingine, si kwa kile.

Nilikuwa nimepandisha nyota hadi tatu kwa ajili ya rafu ya nyuma. Baada ya kicheko kile nimezishusha hadi mbili. Nendeni, pitilizeni kaunta, nendeni nyuma, mkague kwa darubini iliyogeuzwa, mlipe taslimu kitabu kikiwa mkononi. Chochote chenye picha za rangi msikiguse humo.