Kipima muda cha mtandao ndani ya Chrome na Firefox: mapitio ya mtunza tovuti wa Mbeya

Wageni wanaoweka nafasi kwenye tovuti ya nyumba ya wageni ninayoihudumia hapa Mbeya hulalamika kwamba ukurasa unachelewa kufunguka, na lawama zote huangukia bando. Ukibonyeza F12, ukafungua sehemu ya mtandao na kupakia ukurasa upya, kivinjari chenyewe kitakuonyesha muda wa kila faili umekwenda wapi: kwenye foleni, kutafuta anwani kwenye DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), kuunganisha, kuisubiri seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), au kupakua.

Sehemu ya kuunganisha ndiyo yenye thamani kubwa kwetu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu inapima umbali, jambo ambalo bando kubwa haliwezi kulipunguza. Tuseme seva iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Mbeya hadi huko ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, safari moja ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 70. TCP, kanuni ya kufungua muunganisho, huhitaji safari moja kama hiyo; TLS, kanuni ya kuusimba muunganisho huo kwa usalama, huongeza nyingine: TLS 1.2 huongeza mbili, ilhali TLS 1.3, iliyotoka mwaka 2018, huongeza moja tu. Yote hayo hufanyika kabla seva haijaombwa chochote.

Chrome ina kasoro mbili. Muda wa TLS huuhesabu pia ndani ya muda wa kuunganisha, kwa hiyo anayejumlisha mistari hiyo miwili hupata jumla ya uongo. Firefox, ambayo huitenganisha, naiona ina uwazi zaidi. Pia muda wa kukwama, yaani faili kungoja kabla ya kuombwa, huonekana kama ubovu wa mtandao, kumbe mara nyingi ni kivinjari kinachojizuia: kwa HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni ya kuomba kurasa, hakifungui zaidi ya miunganisho sita kwa seva moja, na picha ya saba husubiri. (Tovuti za hoteli na picha zake!)

Ukipakia ukurasa mara ya pili, mstari wa kuunganisha huenda usionekane kabisa, kwani muunganisho wa awali bado uko wazi. Anayetaka kuona anachokiona mgeni mpya atumie dirisha fiche jipya.

Vipimo vyote huweza kuhifadhiwa kama faili ya HAR (kumbukumbu ya kila ombi na muda wake) na kutumwa kwa mwenye seva, lakini ikaguliwe kwanza, maana yaweza kubeba vidakuzi (data ndogo zinazokutambulisha kwa tovuti) vya akaunti uliyoingia.