Miaka mitatu ya kujichoma glatirameri: ngozi yangu inavyosema

Nina MS (multiple sclerosis), ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Naishi Leicester, Uingereza, na najichoma glatirameri asetati ya miligramu 40 chini ya ngozi, mara tatu kwa wiki. Tangu nianze sijapata shambulio jipya hata moja, na kwa hilo naishukuru dawa hii kwa dhati. Ngozi ndiyo iliyoona cha mtema kuni.

Wekundu na muwasho niliambiwa mapema. Panavimba kama pameumwa na siafu, kisha linabaki donge gumu siku mbili tatu. Hayo yanavumilika. Ila mwaka wa pili, nikijipaka mafuta baada ya kuoga, kidole gumba kikazama kwenye paja la kulia. Shimo! Haliumi, wala halina wekundu. Muuguzi akalitazama, akasema mafuta ya chini ya ngozi yameliwa pale, na mara nyingi hayarudi tena. Sasa ninayo manne. Karatasi ya dawa inalitaja jambo hili, lakini siku ya kuchagua dawa hakuna aliyenitamkia.

Mama yuko Tanga, kila akipiga simu: "Mwanangu, si upasugue na mafuta ya nazi ya moto?" Nimemweleza kwamba pakishachomwa hapasuguliwi saa 24.

Binti yangu nilikuwa naogelea naye kila Jumamosi. Nimeacha, naona haya kuvua. Kulala ubavu nako ni mpaka nikumbuke nimechoma upande gani. Watu huniambia, "Shukuru Mungu unatembea." Nashukuru, tena sana. Lakini mapaja ni yangu, nayaona kila asubuhi.

Kilichonisaidia ni kuitoa sindano kwenye friji dakika 20 kabla, na kutorudia sehemu ile ile ndani ya wiki moja. Kwenye kalenda ya jikoni naandika PK, paja la kulia, TS, tumbo upande wa kushoto, na kuendelea.

Siku moja nilipomaliza tu kuchoma, uso ukawaka moto, kifua kikabana, moyo ukaenda mbio. Robo saa ikapita, nikawa mzima. Hata hivyo Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali: dawa hii inaweza kuleta mzio wa kuua, hata kwa aliyeitumia miaka. Kwa hiyo dalili zikizidi au zisipotulia, usisubiri, ita gari la wagonjwa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza glatirameri kwenye orodha ya dawa muhimu, mara ya kwanza kwa dawa za MS, na naomba ifike nyumbani. Ukipewa, uliza habari za mashimo kabla ya sindano ya kwanza, na kila mwezi pitisha vidole pote unapochoma.

Mapaja nimeyapumzisha. Natumia tumbo na makalio, na mwezi ujao namwona daktari tuzungumze kuhusu sindano ya mara moja kwa mwezi.