Godox TT600 kwa picha za ukumbini usiku: inafaa, ukikubali kuiendesha kwa mkono

Taa za ukumbi zikishapunguzwa na maharusi wakaanza kuingia, kamera yenye lenzi ya kawaida ya 18-55 hushindwa mapema. Ukivuta hadi mm 55, tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda 6400 na kuendelea, nyuso zinajaa chenga, na ukishusha kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde kila anayecheza anatoka ukungu. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera haisaidii sana: inapiga uso moja kwa moja, jasho linang'aa kwenye paji la uso, na ukumbi wote uliopambwa kwa gharama unageuka giza nyuma ya watu.

Kwa bajeti ndogo, TT600 ndiyo flashi tunayoipendekeza kwanza. Haina TTL, yaani kamera haiwezi kuipimia mwanga. Nguvu unaichagua mwenyewe kutoka 1/1 (nguvu yote) hadi 1/128. Wengi huliona hilo kama upungufu. Kwa harusi na sendofu ni faida kubwa. Kamera inayojipimia hukisia kwa kile kilicho mbele yake: shela jeupe likijaa kwenye fremu hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi unazama, suti nyeusi ikijaa huongeza mwanga, na shati linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu. TT600 hutoa mwanga uleule kila unapobonyeza. Ukishaupata kwenye meza kuu, picha mia zinazofuata hapo zitafanana, na kazi ya kuzisafisha kwenye kompyuta inapungua.

Siri iko kwenye kichwa chake kinachoinuka na kuzunguka. Usikielekeze kwa watu. Kielekeze darini, kikiwa kimelala nyuma kidogo au kando, ili dari ndiyo iwe taa. Kwenye dari nyeupe ya jipsamu ya mita 3 hivi, anza na M (kuweka kila kitu kwa mkono) kwenye kamera, f/4, shata 1/60, ISO 1600, na flashi kwenye 1/16. Piga picha moja ya majaribio. Uso ukiwa mweusi, panda hadi 1/8, kisha ISO 3200. Usikimbilie 1/1, kwa sababu hapo flashi huhitaji hadi sekunde 2.6 kujaa tena, na keki haitakusubiri ikatwe mara ya pili. Vuta pia kile kikadi cheupe kilichofichwa kichwani: hurudisha mwanga kidogo mbele na kuyatia macho nuru, kwa kuwa mwanga wa darini peke yake huacha kivuli chini ya nyusi.

Kinachowachanganya wanaoanza ni kazi ya kasi ya shata. Tundu la lenzi, ISO na nguvu ya flashi vyote hugusa mwangaza wa flashi usoni. Kasi ya shata hugusa mwanga wa ukumbi tu. Kwa hiyo mapambo yakionekana meusi nyuma, shuka kutoka 1/60 hadi 1/40 au 1/30, na uso hautabadilika sana, kwani flashi ndiyo inayoumulika. Ukishuka zaidi, taa za didjei zinaanza kuchora mistari juu ya wachezaji. Upande wa pili, kamera nyingi zina kikomo cha kasi ya shata cha karibu 1/200 ukitumia flashi. Ukikipita na flashi ikiwa juu ya kamera, mkanda mweusi unakata picha. Na mistari ya mlalo ikitokea kwenye picha zisizo na flashi, chanzo mara nyingi ni taa za LED zinazopepesa kwa umeme wetu wa 50 Hz: jaribu 1/50 au 1/100.

Dari yenye rangi ni tatizo la kweli. Vitambaa vya zambarau vikifunika dari yote, kila mgeni atakuwa zambarau, na hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachozuia hilo. Turubai jeupe ni zuri sana. La bluu au la njano ni balaa. Hapo, na kwenye bustani isiyo na paa, itoe flashi kwenye kamera. TT600 ina kipokezi cha redio cha 2.4 GHz ndani, hivyo unahitaji triga ya Godox (kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi kwa redio) inayolingana na kamera yako, stendi na mwavuli mweupe. Weka stendi pembeni mwa jukwaa, mwavuli ukiwa juu kidogo ya vichwa, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, anza na 1/8. Nguvu utaibadilisha kutoka kwenye triga bila kuacha nafasi yako. Hakikisha namba ya chaneli inafanana pande zote mbili. Flashi ikikataa kuwaka, angalia hapo kwanza.

Kama ukumbi una balbu za manjano, gundisha karatasi angavu ya rangi ya chungwa (CTO) mbele ya flashi na uweke mizani ya rangi (white balance) ya kamera kwenye 3200 K. Bila hiyo, watu watakuwa na rangi nzuri huku ukuta nyuma yao ukiwa kama umewashwa moto. Kuhusu fokasi, flashi haitakuokoa: tumia alama ya fokasi ya katikati na itafutie ukingo mkali, kama kola nyeupe juu ya koti jeusi.

Sasa mahali ambapo hatuipendekezi. Canon EOS 2000D, 4000D na 250D hazina pini ya katikati kwenye kiatu cha flashi (sehemu ya juu ya kamera inapopachikwa flashi), na TT600 juu yake haitawaka. Wenye kamera hizo watafute flashi ya TTL ya Canon au iliyothibitishwa kufanya kazi nazo. Wa Sony wanunue TT600S, si TT600. Na anayepiga picha akikimbia na msafara kutoka nje hadi ndani, mwanga ukibadilika kila hatua tano, atahangaika. Huyo aongeze pesa achukue TT685 yenye TTL.

Inatumia betri 4 za AA. Nunua za kuchaji za Ni-MH, seti mbili, na usichanganye za zamani na mpya kwa sababu dhaifu moja huchelewesha zote. Betri za bei chee za kaboni huishiwa pumzi mapema. Dukani, ipachike kwenye kamera yako mwenyewe, piga 1/1 mara kumi mfululizo kwa kusubiri ijae, kisha 1/128, na uzungushe kichwa pande zote huku ukisikiliza kama kinakwama.