Ripea kiti ya kalipa ya nyuma: usinunue pedi kabla hujavuta pini

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo nina kimfuko hiki kidogo mkononi: ripea kiti, yaani vipuri vidogo vya kukarabatia, ya kalipa ya nyuma (kile chuma kinachozibana pedi za breki kwenye diski) ya Subaru Forester SG5. Gari lenyewe ni hili hapa, la mwaka 2004. Kiti hii nimeinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 18,000. Kabla hujaenda dukani naomba unisikilize, maana mimi nilianza kwa kununua nisichokihitaji.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Iringa, nashuka mteremko wa Kitonga. Nikikanyaga breki, pua ya gari inainama na mbele kunanuka moto, lakini nyuma hata husikii kama kuna breki. Na pedali ilikuwa ngumu, haizami. Fundi akasema pedi za nyuma zimechoka. Nikaweka mpya, hali ile ile. Akavuta hendibreki, gari likagoma kusogea, akasema basi nyuma hakuna tatizo, kuko salama. Jamani, hapo ndipo tunapopotezwa. Kwenye Forester hii hendibreki ina liningi zake, yaani vipande vyake vya kubania, ndani ya kikombe cha diski, kama dramu ndogo. Haiigusi kalipa hata kidogo. Hendibreki inaweza kushika vizuri huku kalipa imekufa.

Basi nikaenda na kurudi kilomita chache mjini, nikapima joto la diski kwa kipimajoto cha kuelekeza mwanga. Kushoto nyuzi 78, kulia 41. Kama huna kipimo, sogeza kiganja karibu na rimu, usiguse chuma. Upande uliopoa ndio haufanyi kazi.

Sasa sogea hapa uone. Hii ndiyo kalipa ya kulia. Ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima inateleza juu ya pini hizi mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini ikikwama, pedi ya ndani inaliwa peke yake na ya nje inabaki nene. Tazama zile pedi za zamani: ya ndani imebaki kama sarafu, ya nje kama imetoka dukani jana. Angalia na pini ya chini. Imeota kutu, na mpira wake umevimba kwa sababu kuna mtu alipaka grisi ya beringi. Grisi hiyo ni ya mafuta ya petroli, na mpira wa breki hauivumilii. Pini yenye kijimpira nchani usiibadilishe nafasi na mwenzake. Pini iliyo nzima unaisukuma kwa kidole kimoja, ikienda na kurudi. Hii niliitoa kwa nyundo.

Pistoni nayo ilikuwa nzito, kifuniko chake cha vumbi kimepasuka. Hapo ndipo kiti hii inapoingia. Ndani kuna sili ya pistoni, ile pete ya mpira inayoizunguka, kifuniko kipya cha vumbi na kijipakiti cha grisi. Sili hii nyembamba, ambayo ukiikata unaona umbo la mraba, si ya kuzuia mafuta ya breki tu. Ukiachia pedali, ndiyo inayoirudisha pistoni nyuma kidogo. Nimeiingiza, imekaa kwenye mfereji wake bila kupinda, na pistoni sasa naisukuma kwa vidole gumba viwili. Kwa ubora wa mpira sina lawama.

Ninacholalamikia ni kwamba vifuniko vya pini havimo, na grisi haitoshi hata pini mbili. Nunua vifuniko kando, pamoja na grisi ya silikoni. Na nakuomba sana, usikubali sili zioshwe kwa petroli, ingawa gereji nyingi ndivyo zinavyofanya. Zioshe kwa mafuta mapya ya breki.

Usinunue kiti hii kama pistoni yako ina mashimo ya kutu pale sili inapopita. Pitisha ukucha, ukinasa, tafuta pistoni au kalipa nyingine, maana sili mpya itavuja tu. Usiinunue pia kabla hujakagua mpira wa breki, ule unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye kalipa. Ukizeeka unavimba kwa ndani. Dalili yake ni gurudumu kubaki limebanwa baada ya kuachia pedali, kisha linalegea ukifungua nati ya kutolea upepo ulionaswa kwenye mafuta ya breki. Fundi akiubana mpira huo kwa koleo ili mafuta yasimwagike, mzuie; anaujeruhi ndani.

Jambo la mwisho, nati hiyo ya kutolea upepo lazima iwe juu ya kalipa. Nimeona gari ambalo kalipa za kushoto na kulia zilibadilishana, nati zikawa chini, na upepo ukabaki juu hata watoe siku nzima.

Mimi nimefunga, nimeweka mafuta mapya ya breki aina ya DOT 4, nimetoa upepo na kurudia safari ile ile ya mjini. Kushoto nyuzi 79, kulia 76. Ukikanyaga sasa, gari linakaa chini lote, pua hailali. Kwa 18,000 nitainunua tena, na ya kushoto naifungua Jumamosi, kwa sababu kifuniko chake cha vumbi nacho kimeanza kuchanika.