Tahadhari kwa waandishi wa riwaya za fantasia: ramani za wizi zinazouzwa kama michoro ya mkono

Ndugu waandishi,

Ninatoa tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta mtu wa kumchorea ramani sahili ya ulimwengu wa riwaya yake. Wapo wauzaji wanaolipwa kwa ahadi ya "mchoro wa mkono, wa kipekee, na haki zote ni za mnunuzi", ilhali wanachokabidhi hakikuchorwa kwa mkono, si cha kipekee, na haki zake hawakuwahi kuwa nazo. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu kabla havijachapwa, na ramani hizi hunifikia mwandishi akiwa ameshalipa na muuzaji akiwa hapatikani tena. Sitamtaja mtu, kwa kuwa akaunti hizi hubadilisha majina kila zinapolalamikiwa, na mbinu zao hubaki zilezile.

Mwandishi hutuma kielelezo alichokichora kwa kalamu pamoja na orodha ya majina ya miji, milima na mito. Muuzaji humtaka alipe fedha zote kwanza, mara nyingi nje ya jukwaa walikokutana, ili malalamiko yakose pa kupelekwa. Baada ya muda mfupi mno kwa kazi ya mkono, huja picha moja ya JPEG ya kupendeza, ambayo kwa mbali inafanana na kilichoombwa.

Baya kuliko yote ni pale picha hiyo inapokuwa kazi ya mchoraji mwingine, iliyochukuliwa kwenye ukurasa wake wa maonyesho, ikafutwa sahihi na kubadilishwa majina ya mahali. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki huwapo tangu kazi inapoundwa bila kuhitaji kusajiliwa, na kubadilisha majina ya miji hakumbadilishi mwenye ramani. Mchoraji halisi akiitambua kazi yake ndani ya kitabu chako, lalamiko lake litakufikia wewe uliyekichapisha, na duka linaweza kukiondoa kitabu kizima sokoni kwa sababu ya ukurasa mmoja. Kusema kwamba ulinunua kwa nia njema hakukufanyi uwe na haki ya kuendelea kukiuza.

Wengine hawaibi mchoro, bali huuza matokeo ya programu ambayo mwandishi angeweza kuitumia mwenyewe. Programu ya Azgaar, kwa mfano, hufunguka bure kwenye kivinjari, huzalisha bara zima lenye mipaka, mito na miji kwa sekunde chache, na inaruhusu ramani hizo kutumika kibiashara. Kumtoza mtu bei ya mchoro wa mkono kwa kazi hiyo ni udanganyifu, japo ramani yenyewe ni halali. Inkarnate, programu nyingine ya kuchora ramani, ni habari tofauti, kwa sababu toleo lake la bure ni la matumizi binafsi na ruhusa ya kibiashara hupatikana kwa wanaolipia. Anayetumia akaunti ya bure hana ruhusa ya kukuuzia ramani ya kuweka kitabuni. Kwa Wonderdraft, nayo programu ya ramani, alama (vijipicha vya milima, miti na miji) zilizokuja na programu huruhusiwa kibiashara, lakini vifurushi vya ziada vya milima na majumba hutengenezwa na watu mbalimbali, na kila kifurushi kina masharti yake. Muuzaji mwaminifu atakutajia programu na vifurushi alivyotumia bila kukasirika.

Kisha kuna picha za akili mnemba. Mwaka 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza kwamba sehemu iliyozalishwa na mashine bila ubunifu wa binadamu hailindwi na hakimiliki, kwa hiyo anayekuahidi "haki zote" za picha kama hiyo anakuuzia hewa. Tangu mwaka huohuo, Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inawataka wachapishaji watamke iwapo kitabu kina picha zilizozalishwa na akili mnemba, zikiwamo za kurasa za ndani, na mwandishi aliyedanganywa hujikuta akitoa tamko lisilo la kweli bila kujua. Tazama maandishi madogo yasiyosomeka, na ifuate mito kwa kidole: mto unaoanza baharini na kuishia bahari nyingine, au ziwa linalotoa mito pande tatu, si ushahidi kamili, maana hata binadamu hukosea jiografia, lakini ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

Jaribio ninaloliamini kuliko mengine ni hili: kabla ya kumaliza malipo, omba mji mmoja usogezwe ng'ambo ya mto na safu ya milima ipinde upande mwingine, kisha uombe faili asilia lenye matabaka, ambamo maandishi yametengana na mchoro. Mchoraji wa kweli anaweza kukutoza nyongeza, na ni haki yake, ila atalifanya. Tapeli atatoa visingizio. Tafuta pia picha hiyo kwa Google au TinEye, tovuti zinazotafuta mahali picha ilikowahi kuonekana, ukikata kipande cha pwani kisicho na majina, na urudie baada ya kukigeuza kama kwenye kioo, kwa kuwa wezi wengi hugeuza kushoto kuwa kulia.

Hata ramani halali inaweza kuwa haifai kuchapwa. Ukurasa wa inchi 5 kwa 8 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 1500 kwa 2400, na kuikuza picha ndogo hakuongezi undani wowote. Kurasa za ndani za riwaya huchapwa zaidi kwa nyeusi na nyeupe, ambapo bahari ya buluu na msitu wa kijani huweza kuwa kijivu kilekile.

Makubaliano yawe ya maandishi, yaseme wazi ni leseni au ni uhamisho wa hakimiliki, na yataje kitabu cha karatasi, cha kielektroniki na matangazo. Malipo yawe kwa awamu. Na kusema kweli, riwaya nyingi hazihitaji zaidi ya pwani, milima kadhaa na miji inayotajwa: chora kwa wino, skani kwa nukta 600, safisha kwa programu ya GIMP au Krita, weka majina kwa programu ya Inkscape, zote zikiwa za bure, kwa fonti yenye leseni huria ya SIL, inayoruhusu fonti itumike bure hata kitabuni. Ulimwengu wako ukifanana na dunia hii, data za ramani za Natural Earth hazidai ruhusa wala shukrani, ila za OpenStreetMap zinakulazimu kutaja chanzo.

Aliyekwisha kununua ramani ya namna hii asitishe mauzo ya kitabu, ahifadhi mazungumzo na risiti zote, na adai fedha zake kupitia jukwaa kabla muda wa malalamiko haujapita. Faili la kitabu cha kielektroniki libadilishwe kwanza, kwa sababu hilo linaweza kurekebishwa mara moja, kisha faili la uchapaji, kabla ya nakala nyingine kuagizwa.